Nakala Nyingi, Mdomo Mmoja: Tatizo la Kuunganisha Matoleo ya Habari za Pate

1. Utangulizi

Mhariri wa matini ya kale hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: nakala zinapotofautiana, achapishe ipi? Jibu ambalo limezoeleka ni la kuunganisha. Mhariri huzikusanya nakala, huzilinganisha neno kwa neno, huchagua katika kila mahali usomaji anaouona kuwa bora, kisha huutolea umma matini moja iliyokamilika. Njia hii ina heshima yake katika historia ya usomi. Hata hivyo, imejengwa juu ya dhana kwamba nyuma ya nakala zote ilikuwapo hati moja ya asili, na kwamba tofauti zote zilizotokea baadaye ni uharibifu.

Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa kuiangalia kazi moja ya nathari ya Kiswahili, yaani Habari za Pate. Hoja inayojengwa ni kwamba matoleo ya Habari hizi hayawezi kuunganishwa bila kupotosha maana yake, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti zake haikutokana na mkono wa mnakili. Ilitokana na mdomo wa msimulizi aliyeisimulia kazi yake zaidi ya mara moja. Swali hili ni zito kwa mhakiki wa fasihi na kwa mwanahistoria pia, kwa kuwa tarehe nyingi zinazotajwa kuhusu Pate zimetegemea jinsi matoleo haya yalivyosomwa.

2. Asili ya Nakala

Habari za Pate zinasimulia ukoo wa Nabhani tangu kufika kwake kutoka Omani, tukio ambalo huwekwa mwaka 600 wa Hijria, yaani 1203 au 1204 wa Miladi, hadi kuhama kwa watawala wa mwisho na kujenga makao yao Witu katika karne ya 19. Inaelezwa kwamba kitabu cha asili kilikuwa mikononi mwa mtawala wa Witu, na kwamba kilipotea Oktoba 1890 majeshi ya Uingereza yalipoushambulia mji huo. Tangu hapo hakuna aliyekiona.

Baada ya kupotea kwake, aliyetegemewa kuzitoa Habari hizi ni Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhani, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, mtu wa ukoo huohuo wa kifalme, ambaye alizipokea kutoka kwa babu yake, Bwana Simba. Ofisa wa kikoloni C. H. Stigand alichapisha tafsiri ya Kiingereza ya masimulizi ya Bwana Kitini katika kitabu chake cha 1913. Alice Werner alichapisha matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri katika miaka ya 1914 na 1915. M. Heepe alitoa toleo lake kwa Kijerumani mwaka 1928. Mwaka 1958 A. H. J. Prins alizipitia tarihi za Waswahili na kujaribu kuyapanga matoleo ya Pate kulingana na uhusiano wake. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva alizihariri na kuzitafsiri hati nne zilizohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kila moja kwa nafsi yake.

Orodha hii inaweza kumpa msomaji hisia kwamba Pate ina mashahidi wengi. Hapo ndipo penye hatari.

3. Makubaliano Yasiyokuwa Ushahidi

Kanuni ya kwanza ya uhakiki wa matini, iliyohusishwa tangu karne ya 19 na jina la Karl Lachmann, ni kwamba nakala hupimwa, hazihesabiwi. Nakala kumi zilizonakiliwa kutoka hati moja ni shahidi mmoja. Kwa sababu hiyo mhariri hutakiwa kuchora nasaba ya nakala zake kabla ya kuamua lolote, mithili ya mtu anayetafuta kujua iwapo watu watano wanaoeleza habari moja walikuwapo wote palipotukia jambo, au wote walielezwa na mtu mmoja.

Linganisho la Kilwa linalidhihirisha jambo hili. Tarihi ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni matini ya Kiarabu, ambayo nakala yake alipatiwa John Kirk mwaka 1877 na kuchapishwa na S. A. Strong mwaka 1895. Njia ya pili ni muhtasari wa Mreno João de Barros, uliochapishwa mwaka 1552 kwa kutegemea tarihi iliyopatikana baada ya Wareno kuitwaa Kilwa mwaka 1505. Njia hizi mbili zilitengana mapema na kupita katika lugha mbili tofauti. Kwa hiyo zinapokubaliana kuhusu jina la sultani au mfuatano wa watawala, makubaliano hayo yana uzito.

Hata hapo, kuunganisha kulileta matatizo. G. S. P. Freeman-Grenville, katika utafiti wake wa 1962, alijaribu kuzioanisha njia hizo mbili na kupata orodha moja ya masultani yenye miaka, akaanzia karne ya 10. Miaka mitatu baadaye Neville Chittick, kwa kuzingatia sarafu na tabaka za ardhi alizozichimbua, alipendekeza kwamba ukoo huo ulianza yapata karne mbili baadaye. Ulinganifu wa orodha ulikuwa umetokana na juhudi ya mhariri kuliko na ushahidi wenyewe.

Ikiwa hali ilikuwa hivyo kwa Kilwa yenye njia mbili zilizotengana, hali ya Pate ni ngumu zaidi. Matoleo yanayorudi kwa Bwana Kitini yanapokubaliana, yanathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba Bwana Kitini alisema hivyo. Hayathibitishi kwamba kitabu kilichopotea kilisema hivyo, wala kwamba mambo yalitukia hivyo. Mwaka 1969 Chittick aliitilia shaka sana sehemu ya mwanzo ya Habari hizi, akiona kwamba Pate haikuwa na ukubwa unaodaiwa katika karne hizo. Uchimbuzi wa Thomas Wilson na Athman Lali Omar, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba makazi ya Pate ni ya kale kuliko Chittick alivyodhani. Hata hivyo, ukale wa mji hauthibitishi orodha ya wafalme. Mjadala huo ulisukumwa mbele na ardhi. Wingi wa nakala haukuongeza hata chembe moja ya ushahidi.

4. Hati na Msomaji Wake

Kabla ya kuzihukumu tofauti za matoleo, ni lazima kutenga tofauti zinazotokana na maandishi yenyewe. Habari za Pate ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu jinsi ilivyotumiwa na Waswahili wa kale. Katika uandishi huo, herufi moja ya ba hubeba sauti za b, p na mb. Fa hubeba f na v. Na irabu e na i hushirikiana alama moja, kama zishirikianavyo o na u. Jina la Pate lenyewe ni mfano mzuri. Likiandikwa kwa ba na ta, msomaji asiyeujua mji anaweza kulisoma Bati, Bate au Pati. Nalo jina la Wabatawi, waliokuwa na mamlaka mjini kabla ya Wanabhani, linasomeka kama nisba ya jina la mji huohuo.

Kwa hiyo wahariri wawili wanaweza kuwa na hati ileile mbele yao, wakatoa matini mbili za herufi za Kirumi zinazotofautiana katika majina ya watu na ya mahali. Hiyo si tofauti ya matoleo. Ni tofauti ya wasomaji. Mhariri anayeunganisha matini zilizokwisha kuchapishwa, bila kurudi kwenye hati, huenda akayaingiza majina mawili katika nasaba ya wafalme ilhali mwenye jina ni mmoja.

Aidha, kuna tofauti za lahaja. Mnakili aliyezoea Kiunguja huweza kuandika njia na maji pale ambapo mwenyeji wa Lamu au Pate angeandika ndia na mai. Katika utendi, kina na mizani humsaidia mhakiki: mato ikigeuzwa kuwa macho katika mwisho wa kipande, kina kinavunjika na kosa linajitangaza. Nathari haina mlinzi wa namna hiyo. Neno likibadilishwa katika Habari za Pate, sentensi huendelea kusomeka vizuri na mabadiliko yakafichika. Hivyo nathari ya kale inahitaji uangalifu mkubwa kuliko ushairi, ingawa wahariri wameitendea kinyume.

5. Msimulizi na Matoleo Yake

Zikishatolewa tofauti za kalamu na za usomaji, hubaki tofauti za aina ya tatu: urefu wa kisa, mpangilio wa matukio, miaka ya utawala wa mfalme, jambo lililotajwa hapa na kuachwa kule. Albert Lord, katika utafiti wake wa 1960 kuhusu waimbaji wa tendi wa Yugoslavia ya wakati huo, alionyesha kwamba msanii wa simulizi hana matini moja anayoikosea kila anapoisimulia. Kila usimulizi ni utungo kamili. Paul Zumthor, mwaka 1972, aliona tabia inayofanana katika maandishi ya Ulaya ya zama za kati. Maoni haya yanamfaa Bwana Kitini, kwa sharti kwamba msingi wake ulikuwa pia kitabu, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa mrithi wa ukoo uliokuwa umepoteza dola.

Habari za Pate ni kazi ya sanaa. Kisa cha Bakiumbe, mkuu wa wavuvi aliyedharauliwa katika shauri la wakubwa wa Manda na hatimaye akaufungulia adui mji wake, kimejengwa kwa ustadi wa mtambaji anayejua kwamba dola huangushwa na kinyongo kidogo. Kisa cha Mwana Darini, aliyenyimwa siwa ya kifalme kwa sherehe ya mwanawe na akaagiza kuchongwa nyingine, ni hoja nzima kuhusu nani ana haki ya alama za utawala. Uzito wa visa hivi hutegemea nafasi vinayopewa ndani ya usimulizi husika, yaani kinachotangulia, kinachofuata, na kinachonyamaziwa.

Vilevile usimulizi huwa na msikilizaji. Vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19, ambapo Lamu iliwashinda Pate na Wamazrui wa Mombasa, kisha ikatafuta himaya ya Sayyid Said, vilikuwa bado vina maana ya kisiasa mwanzoni mwa karne ya 20. Mnabhani wa Pate angevisimuliaje mbele ya ofisa wa Kiingereza? Angevisimuliaje mbele ya watu wa Lamu? Swali hili linaweza kuulizwa pale tu ambapo kila toleo limebaki zima, pamoja na taarifa za nani aliomba, nani aliandika na lini. Matini iliyounganishwa humfuta msikilizaji, na pamoja naye hufuta sababu ya msimulizi kusema au kunyamaza.

Kuna pia kikwazo cha hesabu. Orodha ya wafalme ni mfumo uliofungwa: miaka ya kila utawala ikijumlishwa yapasa ifikie tarehe ya mwisho. Mhariri akichukua miaka ya mfalme mmoja katika toleo la kwanza na ya mfalme mwingine katika toleo la pili, atapata jumla ambayo hakuna msimulizi aliyewahi kuikubali.

6. Utetezi wa Kuunganisha

Ni haki kuutazama upande wa pili. Mwanafunzi anahitaji matini inayosomeka. Matoleo manne yaliyopangwa sambamba ni ghali kuchapisha na yanachosha kusoma. Tena kuyatenganisha tu hakuzuii upotovu. Msomaji asiyezingatia nasaba ya nakala ataziona hati nne na kuhesabu mashahidi wanne.

Jibu la Joseph Bédier, alilolitoa mwaka 1928 baada ya kuichoka miti ya nasaba iliyochorwa na wahariri wenzake, linafaa hapa: chagua nakala moja iliyo nzuri, ichapishe kwa uaminifu, uisahihishe pale tu ambapo kosa liko wazi. Matini ya namna hiyo huenda isiwe ile ya asili, lakini angalau iliwahi kuwapo.

7. Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, mhariri wa Habari za Pate, na wa kazi nyingine za Kiswahili zilizopita kati ya mdomo na kalamu, anapaswa kutofautisha mambo matatu. Kosa la mnakili lisahihishwe, na usahihisho utajwe. Neno ambalo hati inaruhusu lisomwe kwa njia mbili lipewe njia zote mbili. Tofauti iliyotokana na msimulizi isiunganishwe kamwe. Iwekwe kando ya mwenziwe, na nasaba ya kila toleo ielezwe mwanzoni.

Kitabu cha Witu hakiwezi kurudishwa kwa kushona vipande vya masimulizi yaliyotolewa baada ya kupotea kwake. Kilichobaki ni sauti ya mtu mmoja aliyekuwa akiutetea ukoo wake mbele ya wasikilizaji mbalimbali, katika miaka ambayo ukoo huo haukuwa tena na mji wa kutawala. Sauti hiyo ina thamani yake katika historia ya nathari ya Kiswahili, na itasikika ikiwa wahariri wataacha kuigeuza kuwa kitabu.