Kulipima Tawi Lililokaushwa

Mnunuzi wa miraa sokoni Mikinduri hahitaji maabara. Hutazama rangi ya ganda, hupapasa ncha kuona kama ni laini, hukagua unyevu uliobaki ndani ya jani la mgomba, kisha hutaja bei. Mwanafunzi wa baiolojia anayepanda vilima vya Nyambene naye hukaguliwa kwa macho makali vivyo hivyo, ila bidhaa yake ni tawi lililokaushwa na ukurasa wa daftari.

Aanze na tawi. Lililo baya hujulikana mara moja: ni ncha changa tupu, zilizochumwa kana kwamba zinakwenda kuuzwa. Miraa, Catha edulis, hutambulika kitaalamu kwa vijiua vyeupe vinavyojikusanya kwenye makwapa ya majani, na kwa tunda kavu linalopasuka pande tatu. Mti unaochumwa kila mara ni nadra kufikia hatua hiyo, hivyo mkusanyaji hodari humwomba mwenye shamba tawi lililosahaulika, au hutafuta mti wa msituni. Majani nayo yana hila. Kwenye chipukizi linalokwenda juu hupishana, moja huku na moja kule. Kwenye matawi ya pembeni hukaa mawili mawili, yakielekeana. Sampuli nzuri huonyesha hali zote mbili, na walau jani moja limegeuzwa mgongo.

Lebo ndiyo inayowaumbua wengi. “Mikinduri, Meru” haitoshi. Mtu atakayerudi baada ya miaka thelathini ataanzia wapi? Inatakiwa barabara, umbali kutoka mto au shule, mwinuko, upande wa mteremko, urefu wa mti, na kama ulipandwa au ulijiotea. Rangi ya ua iandikwe papo hapo, kwa maana hupotea kwenye magazeti ya kukaushia. Iandikwe kwa penseli: wino wa kalamu huchuruzika mvua ikinyesha, na Nyambene mvua haibishi hodi.

Peter Forsskål, mtaalamu aliyeieleza miraa kwa sayansi ya Ulaya, alifariki Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mwenzake pekee aliyenusurika katika msafara wao wa utafiti, na mimea aliyoikausha ingalipo Copenhagen. Daftari zuri husomeka bila mwenyewe kuwepo kulieleza.

Michoro haihitaji maneno mengi. Aliyefanya mtihani wa vitendo wa KCSE anajua masharti yake: mistari safi isiyotiwa kivuli, mistari ya majina isiyokatana, na ukuzaji uliokokotolewa.

Kwenye kemia ndiko ulaghai usiokusudiwa unakojificha. Kathinoni, kemikali inayochangamsha, ilitambuliwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa. Jani likinyauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo. Wafanyabiashara hawakusubiri maabara iwaambie; ndiyo sababu magari ya miraa hukimbia vile kuelekea Nairobi. Basi jedwali la kiasi cha kathinoni lenye tarakimu nne baada ya nukta, lakini halitaji saa ya kuchuma wala saa ya kuingiza majani kwenye friza, ni pambo tu.

Kisha idadi. Matawi thelathini ya mti mmoja ni mti mmoja, hata yakijaza kurasa kumi. Na hapa Meru kuna mtego zaidi: wakulima hupanda miraa kwa machipukizi yanayoota shinani, kwa hiyo miti ya mashamba jirani huweza kuwa na mzazi mmoja. Mtafiti makini humuuliza mzee wa shamba mche wa kwanza ulitoka kwa nani, na jibu lake hulitia kwenye mstari uleule wenye namba ya mti, pamoja na tarehe.