Kilo 100 Kati ya Mombasa na Nairobi

Kwenye gereji za magari ya porini swali hili haliishi: nikitoa bampa ya chuma nikaweka ya alumini, nikafunga ringi za aloi na betri ya lithiamu, gari langu la zamani litapunguza kunywa mafuta? Muuza spea atasema ndiyo. Hesabu nayo inasema ndiyo, ila kiasi chenyewe ni kidogo mno kuonekana kwenye pampu ya kituo, na fedha hizo zina kazi bora zaidi kwenye gari hilohilo.

Tuchukue gari linalojulikana Afrika Mashariki nzima: Land Cruiser mkonga ya miaka ya 1990, injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo. Pamoja na dereva na mizigo michache, tuliwekee kilo 2,200. Mwenye gari amefanikiwa kupunguza kilo 100, jambo gumu kuliko linavyosimuliwa, kisha analiondoa Mombasa kwenda Nairobi: kilomita 480 hivi, na kupanda karibu mita 1,700.

Tairi la kawaida kwenye lami hudai nguvu ya takriban asilimia 1.3 ya uzito uliolikalia ili liendelee kubingirika. Kwa kilo 100 hiyo ni nyutoni 13, na kwa safari nzima ni megajouli 6 na kidogo. Kuzipandisha kilo hizo kutoka pwani hadi Nairobi ni megajouli 1.7 nyingine. Lita ya dizeli ina megajouli zipatazo 36, lakini injini ya umri huu, hata ikiwa nzima, tuhesabu inafikisha megajouli 11 tu kwenye magurudumu. Zilizobaki zinatoka kwenye rejeta na ekzosi. Hadi hapo tumeokoa lita 0.7. Bado kuna kusimama na kuondoka. Kila unapotoka sifuri hadi kilomita 60 kwa saa, kilo 100 zinakula mililita 1.3 za dizeli, kwa hiyo hata matuta, malori na mizani vikikusimamisha mara 40, ni mililita 52. Jumla haifiki lita 0.8, kwenye safari inayokunywa kama lita 60. Ni asilimia 1.3.

Mwongozo wa serikali ya Marekani kwa madereva unakadiria kwamba kila kilo 45 za ziada hupunguza umbali unaokwenda kwa mafuta yaleyale kwa asilimia 1 hivi, na unaongeza kuwa gari dogo ndilo linaloumia zaidi. Gari letu ni zito, na safari yetu ni ya barabara kuu, kwa hiyo si ajabu likiguswa kidogo kuliko hapo.

Mzigo mkubwa hauko kwenye mizani. Kwa kilomita 90 kwa saa, gari lenye uso wa namna hii, wima kama ukuta, hukutana na upinzani wa hewa unaokaribia nyutoni 570, wakati magurudumu yote manne yanadai 280. Upinzani huo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukishuka kutoka 100 hadi 80 unapungua kwa asilimia 36, na hakuna spea uliyonunua.

Ndiyo maana keria ya alumini inanisikitisha. Inauzwa kwa sifa ya wepesi, na kweli ni nyepesi, lakini inapigwa na upepo uleule unaoipiga ya chuma. Mwongozo huohuo wa Marekani unasema sanduku kubwa la mizigo juu ya paa, kwa mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa, linaweza kula asilimia 10 hadi 25. Mtu aliyetumia fedha kupunguza keria kilo 20, kisha akaiacha juu mwaka mzima ikiwa tupu, amelipia sehemu ya tatizo isiyo na uzito.

Historia ya Land Rover nayo inaonyesha kuwa alumini si lazima ilete wepesi. Lilipozinduliwa mwaka 1948 lilipewa bodi ya aloi ya alumini kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa ikigawa chuma kwa kipimo. Mafuta hayakuwa hoja. Chasisi, ekseli, injini na gia vilibaki vya chuma kwa sehemu kubwa, na huko ndiko uzito ulikojaa. Miaka ya 1960 jeshi la Uingereza lilipotaka gari la kuning'inizwa chini ya helikopta, lilitengenezwa lile lililoitwa Lightweight. Ili liwe jepesi ilibidi milango, paa na kioo cha mbele vivuliwe. Likirudishiwa vyote, lilikuwa zito kuliko Land Rover la kawaida la raia.

Kwa nini basi watu wazima, mafundi wazuri, wanaapa kwamba ringi za aloi ziliwaokolea mafuta? Uzito unaozunguka kweli una gharama ya ziada wakati wa kuongeza kasi, lakini hata tukiuhesabu mara mbili tunabaki kwenye mililita. Tazama kipimo chenyewe. Ringi mpya mara nyingi huja na tairi la saizi nyingine. Tairi likiwa dogo kwa asilimia 5, kilomita za kwenye dashibodi zinazidi kwa kiasi hichohicho, na mwenye gari anaona nafuu ambayo haipo, karibu mara nne ya kile kilo 100 zinachoweza kutoa. Tairi kubwa la matope hufanya kinyume. Na siku ya kufunga ringi ndiyo siku ya kujaza upepo vizuri na kubadili chujio la hewa, halafu sifa yote inapewa aloi. Anayetaka kujua ukweli ajaze tangi hadi shingoni kwenye pampu ileile, asubiri povu la dizeli litulie, aende na kurudi njia ileile, na umbali auchukue kwenye GPS.

Fedha ya bampa ningeipeleka gereji. Inua gurudumu moja moja kwa jeki ulizungushe kwa mkono: likisimama mara tu unapoliachia, breki inashika. Nozeli zipimwe mgandamizo na umbo la mnyunyizo, na taimingi ya pampu iangaliwe. Kisha uliza thamostati iko wapi. Mafundi wengi huitoa wakiogopa gari kuchemka, na injini ya dizeli inayokimbia ikiwa baridi inachoma vibaya, kilomita baada ya kilomita.

Alumini ina mahali pake. Gari la watalii linaloingia mbugani na abiria, vyakula na madumu ya maji liko ukingoni mwa uwezo wa springi na breki zake. Hapo kila kilo iliyotoka kwenye bodi ni lita moja ya maji inayoingia, na mchangani gari halizami upesi. Vivyo hivyo, kama waya wa winchi umekatika na lazima ununue mwingine, kamba ya sintetiki inaondoa kilo kadhaa kwenye springi za mbele, na ikikatika haichapi watu kama waya. Hizo ni sababu za kutosha kununua spea nyepesi, bila kuhusisha dizeli.