Kitambulisho cha Kiraka

Utotoni Mombasa, fundi cherehani wetu akipokea suruali iliyochanika goti, aliigeuza nje ndani kabla ya kutaja bei. Akimaliza kushona alikivuta kiraka kwa vidole viwili, kwa nguvu, mbele yako. Kikiachia uzi, suruali hairudi nawe siku hiyo.

Neno lake ndilo ninalolitumia leo hapa Cedar-Riverside, Minneapolis, kwa kazi ya kompyuta ninayoipenda kuliko zote. Badiliko la programu linalotoka kwa mtu mmoja likashonwe kwenye msimbo wa mwingine ni kiraka: mistari iliyotolewa, mistari iliyotiwa, na michache ya kando isiyoguswa, ili anayekipokea ajue kinakaa wapi. Git, chombo cha kutunza matoleo ya programu ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika Aprili 2005 kwa ajili ya Linux, kilipata mwaka huo huo amri ndogo ya kukipa kila kiraka kitambulisho chake. Amri hiyo huondoa namba za mistari na, kwa kawaida, nafasi tupu, husaga kilichobaki, kisha hutoa mfuatano wa tarakimu na herufi 40.

Rekodi ya kawaida ya Git ina alama yake pia, lakini alama hiyo imebeba jina la mwandishi, saa aliyoandika, na rekodi iliyotangulia. Ihamishe kwenda tawi jingine, alama inakuwa mpya kabisa. Kitambulisho cha kiraka hakiulizi umetoka wapi wala umefika lini. Kinauliza umebadilisha nini. Ndiyo maana Git, ikihamisha kazi yako, inaweza kutambua kwamba kiraka fulani kilishapokelewa kwingine, ikakiruka.

Ninaishi kwenye majengo ya Riverside Plaza, yale marefu yenye vibao vya rangi aliyoyachora Ralph Rapson na yakakamilika mwaka 1973. Kwenye lifti nasikia Kisomali, Kioromo, na mara moja moja Kiswahili cha mtu aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Majirani zangu wengi wamepewa namba kila walipofika: namba ya kambi, namba ya viza, namba ya mkataba wa nyumba. Naufikiria sana ule uamuzi wa kuziweka namba kando na kuangalia kilichomo. Ni uamuzi mgumu, kwa sababu lazima mtu aseme kipi ni cha mahali na kipi ni cha kitu chenyewe.

Hapo ndipo makosa yalipojificha. Chukua nafasi tupu. Katika lugha ya Python, nafasi mwanzoni mwa mstari ndizo zinazosema mstari huo ni wa fungu lipi. Ukizifuta umefuta maana. Chukua pia ruhusa ya faili, ile inayoiambia kompyuta kwamba faili hili linaweza kuendeshwa kama programu. Tuseme kiraka chako kinabadilisha maandishi pamoja na ruhusa, na mwenye mradi alikwisha kupokea toleo lake la zamani lisilogusa ruhusa. Wakati wa kuhamisha, Git iliviona viwili hivyo kuwa kitu kimoja, ikakiacha cha kwako na ruhusa yake, kimya kimya. Jambo hili lilirekebishwa katika toleo 2.39, la Desemba 2022, pamoja na hesabu ya faili zisizo za maandishi. Toleo hilo likaongeza pia njia ya kusoma kiraka kama kilivyo, bila kugusa nafasi, na maelezo ya matumizi yakalazimika kusema hivyo. Maneno machache tu. Lakini mtu wa Nairobi au Muscat atakayeyasoma usiku, peke yake, hana mwingine wa kumuuliza.

Majaribio ya amri hiyo nayo yana uzuri wake. Mwaka 2014 kilipoongezwa kitambulisho kisichotikiswa na mpangilio wa faili, jaribio lake lilikuwa na akili nyepesi na safi: toa kiraka chenye faili mbili, toa hicho hicho kwa mpangilio wa kinyume, linganisha vitambulisho. Lakini mwandishi hakuishia hapo. Alijaribu pia ile njia ya zamani, akadai kwamba humo vitambulisho vitofautiane. Shahidi anayejua kusema ndiyo tu hatufai mahakamani.

Ng'ambo ya Mississippi, ukivuka daraja la Washington Avenue kwa miguu, kuna idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Aprili 2021 watunzaji wa Linux walisitisha kupokea viraka vya chuo hicho, baada ya kujulikana kwamba watafiti wake walikuwa wametuma kwa makusudi viraka vyenye kasoro ili kuwapima. Ilibidi rekodi 435 zisomwe upya, na nyingi sana zilikutwa ni kazi njema. Kitambulisho kingeweza kusema kama viraka viwili ni kimoja; nia ya aliyekishona hakiioni. Hiyo ilihitaji watu waliokaa wakasoma, mstari kwa mstari, kazi za wengine ambao wengi wao hawakuwa na hatia. Mimi nawaheshimu wasomaji hao kuliko wavumbuzi wengi.

Jana usiku nilipakua msimbo wa Git nikaendesha t4204, majaribio ya vitambulisho. Kila mstari wa jaribio ulianza na ok. Sikuridhika. Nikafungua msimbo, nikabadilisha mahali pamoja ili mpangilio wa faili uanze kuathiri kitambulisho kile ambacho haupaswi kukigusa, nikajenga upya, nikaendesha tena. Jaribio la mpangilio likakataa, likanionyesha vitambulisho viwili visivyolingana, kimoja chini ya kingine. Nikaurudisha mstari kama ulivyokuwa.