Orkestra zetu na feza ya watu wote

Wakubwa wanapenda kusema rumba ni utajiri wetu. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa binadamu, na tulifurahi sana. Lakini sifa hainunue nyuzi za gitaa. Nani analipa orkestra za hapa Tshopo?

Jibu liko ndani ya nyimbo zenyewe. Tunaliita libanga: mwimbaji anatupa jina la mfanya biashara ao la mheshimiwa, na huyo anatoa feza. Tusimlaumu haraka, sababu naye ako na watoto wa kusomesha, sawa sisi walimu. Lakini wimbo unaumia. Pahali sebene ingepanda, tunapewa orodha ya majina, kama vile mwalimu anaita wanafunzi asubuhi.

Kumbe sheria iko. Ordonansi-sheria ya tarehe 3 Aprili 1987 iliweka Mfuko wa kuendeleza utamaduni, ule tunaujua kwa herufi FPC. Unalishwa na makato ya biashara. Maana yake, mwisho wa yote, ni sisi wanunuzi tunalipa. Na kifungu cha 46 cha Katiba ya 2006 kinasema serikali inalinda urithi wa utamaduni na kuuendeleza.

Wengine watajibu: mbona kuko wenye waliweza pasipo serikali? Ni kweli. Kule Kinshasa, Orkestra Simfoniki ya Wakimbangu, yenye Armand Diangienda alianzisha mwaka 1994, ilikua chini ya kanisa. Vyombo vikikosa nyuzi, walifunga waya za breki za kinga. Hapa kwetu, Studios Kabako ya Faustin Linyekula, iliyozaliwa 2001, ilipata washirika Ulaya. Mmoja alikuwa na kanisa, mwingine na marafiki wa inje. Orkestra ya mutaa kule Mangobo ao Kabondo haina hata kimoja.

Basi tuombe nini? Si feza ya sikukuu moja, ile inakwisha pamoja na bia. Bunge la jimbo liweke mustari katika budjeti kila mwaka: nyumba ya mazoezi, umeme, kutengeneza vyombo, posho ya kufundisha vijana. Masharti yabandikwe pahali watu wote wanasoma. Na orkestra nazo zilete statuti, programu na hesabu safi; bila karatasi hizo hatuna haki ya kulalamika.

Kuko hatari moja, tuiseme wazi. Wakati wa Mobutu, animasyo ya siasa ilifanya watu wacheze na kuimba sifa za mukubwa mmoja. Feza ya serikali inaweza kugeuka libanga kubwa kuliko zote. Kwa hiyo sharti la kwanza liandikwe hivi: orkestra yenye kusaidiwa haitaji jina la gavana wala la waziri. Feza hiyo ni yetu. Tunaidai kwa kusikia muziki.