Ufupi wa Shayiri Si Mmoja

Orodha za mbegu huutaja urefu wa shayiri kwa tarakimu moja, iwe sentimita 70 au 90, kisha huendelea na mambo mengine. Tarakimu hiyo humfaa mkulima anayehofia shamba lake kulala mvua ya upepo ikipiga. Kwa anayetaka kuusoma mmea wenyewe, ni kidogo mno. Shayiri mbili zenye kimo sawa huweza kusimama bega kwa bega zisifanane katika lolote lingine: moja ina majani wima, suke fupi na ndevu fupi, nyingine ina suke la kawaida, ndevu ndefu na mashina mengi yaliyochipua kutoka punje moja. Ndiyo maana nashikilia kwamba jeni za ufupi zihakikiwe kwa umbo zima zinalolijenga. Kimo ni kipengele kimoja tu cha umbo hilo, na mara nyingi si kile kinachoamua mavuno.

Anza na bua. Ling'oe, livue majani na ala zake, ulilaze mezani kando ya bua la shayiri ndefu. Kwa kawaida utakuta idadi ya pingili haijapishana sana. Kilichopungua ni urefu wa kila pingili. Ni kama mshairi aliyebakiza beti zote za utenzi wake akapunguza mizani katika kila mshororo. Mpango wa mmea umebaki. Kilichobadilika ni amri ya kurefuka, na amri hiyo hupitia homoni. Hapo ndipo jeni hizi zinapoachana njia.

Mashariki ya Asia, yaani Japani, rasi ya Korea na sehemu za China, wakulima walikuwa na shayiri fupi iitwayo uzu kabla ya maabara yoyote kuingilia kati. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walieleza chanzo chake: herufi moja ya DNA imebadilika katika jeni ya kipokezi cha homoni iitwayo brasinosteroidi, na katika protini yake asidi amino moja, histidini, imeipisha nyingine, arginini. Homoni ipo, ila mmea unaisikia kwa shida. Kwa kuwa kipokezi hicho kinahitajika karibu kila kiungo kinapokua, ufupi wa uzu umeenea mwili mzima: bua, suke, ndevu, hata punje, ambayo ni ndogo na ya mviringo. Kwenye mche uliochipuka juzi tu, ala inayolifunika jani la kwanza ni fupi na ina kinundu karibu na ncha. Mzoefu huitambua uzu hapo, kabla bua la kupima halijatokea.

Uzu ina mshikamano wa umbo ambao siuoni kwa jeni nyingine. Majani husimama wima, mwanga ukapenya hadi chini, kwa hiyo mimea huvumilia kubanana. Lakini mshikamano huo una gharama yake. Ala fupi husukuma udongo kwa shida mbegu ikizikwa chini sana. Joto likizidi, ufupi nao huzidi, na mmea uliokuwa wa kimo cha kufaa unaweza kudumaa.

Tajiri zaidi kwa msomaji, naona, ni jeni iitwayo sdw1, iliyoko kwenye kromosomu 3H. Mwaka 1956 huko Chekoslovakia mbegu za shayiri aina ya Valtický zilipigwa mionzi ya eksi, na kutoka kwa uzao wake ikapatikana Diamant, iliyoandikishwa mwaka 1965. Ilikuwa fupi kuliko mzazi wake kwa sentimita 15 hivi, na mavuno yake yaliyazidi ya mzazi huyo kwa takriban asilimia 12. Mionzi ya aina hiyohiyo ilitumika Norway kwa shayiri ya Jotun, ikaipata jeni ileile. Kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza kimeng'enya kinachoshiriki kuunda jiberelini, homoni ya kurefusha. Mpunga una ndugu wa jeni hii, na ndiye aliyeufupisha mpunga wa IR8 uliotolewa Ufilipino mwaka 1966.

Diamant na Jotun zinafaa kusomwa pamoja, kwa sababu jeni ni moja na majeraha ni mawili. Diamant imepoteza herufi 7 mwanzoni mwa jeni. Ile ya Jotun imeipoteza jeni nzima. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2011 vilionyesha usomwaji wa jeni hiyo umeshuka mara 4 hivi kwenye aina ya Diamant, na mara 60 kwenye aina ya Jotun. Shambani tofauti hiyo ilikuwa na uzito. Ufupi wa Diamant uliingia katika shayiri za kimea za Ulaya, zikiwemo zilizotokana na Trumpf ya Ujerumani Mashariki ya mwaka 1973. Ule wa Jotun ulipata nafasi zaidi katika shayiri ya kulishia mifugo, kwani mmea wake huchelewa na punje zake huelekea kuwa nyembamba. Na jambo hili lina mantiki: jiberelini inayorefusha bua ndiyo pia inayoziamsha seli za punje zitoe vimeng'enya vya kuvunja wanga wakati wa kutengeneza kimea. Bahati ni kwamba shayiri ina zaidi ya jeni moja ya kazi hiyo, hivyo bua likinyimwa, punje hainyimwi yote.

Tazama sasa mmea wa sdw1 tangu utotoni. Mche hulala karibu na ardhi, ukatandaza machipukizi mengi kabla ya kuinuka. Masuke hutoka kwa kuchelewa siku kadhaa. Suke likitoka, halina dalili kubwa ya ufupi, na ndevu zake ni ndefu. Mavuno ni hesabu ya vitu vitatu: idadi ya masuke katika eneo, punje katika kila suke, na uzito wa punje. Jeni hii huongeza cha kwanza na mara nyingi hupunguza cha tatu. Kwa hiyo mtu akisema ufupi huongeza mavuno, nitamwomba anionyeshe yameongezeka kwa mkono upi: kwa masuke zaidi, au kwa bua linalobeba mbolea nyingi ya naitrojeni bila kulala? Mara nyingi ni vyote viwili, lakini shamba lisilotiwa mbolea halitapata faida ya pili.

Golden Promise ya Uingereza ni habari nyingine kabisa. Ilitokana na Maythorpe iliyopigwa mionzi ya gama, na katika miaka ya 1970 na 1980 watengeneza kimea wa wiski huko Scotland waliipenda mno. Jeni yake, ari-e, inahusu protini inayopeleka ishara ndani ya seli. Bua ni fupi na gumu, linahimili upepo; ndevu nazo zimefupika. Hapo nina shaka na umbo lake, kwa kuwa ndevu za shayiri si pambo: ni za kijani, hutengeneza chakula na kukipeleka kwenye punje iliyo jirani. Punje za Golden Promise ni ndogo, na mmea wenyewe hushambuliwa kwa urahisi na ukungu mweupe wa majani.

Kwa mashamba ya kwetu yanayotegemea mvua, kama Mau Narok, Timau au West Kilimanjaro, ambako shayiri hulimwa kwa ajili ya bia, usomaji huu una swali lake. Siku kadhaa za kuchelewa kutoa masuke ni jambo dogo Ulaya ya kaskazini, ambako kiangazi kina unyevu. Mvua ikikatika punje ikiwa bado inajaza, machipukizi mengi ya sdw1 yanakuwa vinywa vingi kwenye maji machache, na punje zinatoka nyembamba. Mnunuzi wa shayiri ya kimea hupima punje kwa chekeche, na zile nyembamba hupita kwenye matundu. Hazihesabiwi katika bei ya kimea, hata kama bua lake halikulala.