Adhabu Isiyo na Kosa: Maana ya Neno Moja, kutoka Katiba hadi Mitaa ya Chang'ombe

Kamusi huweka adhabu na mateso karibu karibu, lakini sarufi huyatenganisha. Mtu hupewa adhabu, huitumikia, hupunguziwa na husamehewa. Mateso huyapata au huyapitia tu, hakuna anayeyatumikia. Kitenzi -tesa huzaa -teseka kwa urahisi, hivyo mgonjwa huteseka bila mtesi kutajwa. Kwa upande wa -adhibu, umbo lililozoeleka ni -adhibiwa, nalo huacha nafasi ya mtendaji. Adhabu, basi, hudai pande tatu: anayeitoa, anayeipokea na kosa.

Sheria imejengwa juu ya tofauti hiyo. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inakataza kumtesa mtu bila kuweka masharti. Adhabu haikatazwi yenyewe. Kinachokatazwa ni ukatili na udhalilishaji ndani yake.

Katika mazungumzo ya Chang'ombe, hata hivyo, foleni ya magari ni adhabu, na usiku wa joto bila umeme ni adhabu. Ni rahisi kuyaona matumizi haya kama kutia chumvi, au kulichukulia neno hili kuwa kisawe cha taabu. Usomaji huo haujitoshelezi. Msemaji hakuitupa ile miundo ya pande tatu. Ameondoa kosa peke yake. Pengo hilo ndilo linalobeba maana: kuna aliyesababisha, na anayeumia hana hatia. Taabu huelezea hali, adhabu hushtaki.

Jirani na Chang'ombe lipo Gereza la Keko, linalopokea mahabusu. Kisheria, mahabusu hatumikii adhabu, kwani Ibara ya 13(6)(b) inamhesabu kuwa hana kosa hadi ithibitike vinginevyo. Ndugu anayesema kwamba kungoja kesi ni adhabu anakosea kisheria, lakini kimaana yuko sahihi kabisa.

Riwaya ya Haini (2003) ya Adam Shafi, inayohusu kukamatwa kwa watu Zanzibar baada ya mauaji ya kisiasa ya mwaka 1972, inadhihirisha pengo hilohilo: mateso yanatangulia hukumu, na kosa linatafutwa baadaye kwa njia ya kukiri.

Kwa hiyo kamusi ingefaa iitenge maana hii: adhabu kama maumivu yanayomfika asiyekosa, yakidai mwenye kuyajibia.