Ndia iliyokatwa kwa wino mwekundu

Wiki hii nimeisoma tena Siku Njema (1996), riwaya ya marehemu Ken Walibora, na bado naipenda. Msimulizi, Kongowea, amepewa jina la kale la Mombasa, naye anaukumbuka utoto wake wa Tanga. Ila safari hii nilikwama. Anakumbuka kwa Kiswahili cha mtu aliyeshafaulu mtihani: misemo imepangwa, sarufi imenyooka. Je, yule mtoto mwenyewe alisemaje?

Nauliza kwa kuwa nimelelewa Miritini, zamani sana kabla ya SGR. Nyanya yangu akiniita, "Ndoo!" Mgeni angedhani naagizwa maji. Kwetu njia ni ndia, nchi ni nti, mchanga ni mtanga, kucheka ni kuteka. Hicho ni Kimvita, lahaja ya Muyaka. Si makosa ya kitoto. Shuleni niliandika "ndia" katika insha, ikakatwa kwa wino mwekundu. Sikuiandika tena, na uprofesa wangu wote huu!

Sidai riwaya nzima iwe ya lahaja. Msomaji wa Kakamega atachoka. Lakini Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki gerezani, Kimvita kikiwa wazi ndani yake, na diwani ikasomwa kote. Basi mazungumzo ya nyumbani yanashindwaje kubaki yalivyosemwa?

Majuzi mwanafunzi wangu kutoka Jomvu aliniletea kumbukumbu zake. Nyanya yake anasema "njoo" ukurasa mzima.

"Kweli nyanyako huita hivi?"

Akateka.